Gari la Fowili Linapokaza Kwenye Kona: Tafuta Chanzo Kabla Hujashusha Gia Boksi

Dalili yenyewe ya gari la fowili, yaani linalovutwa na magurudumu yote manne, ni hii. Umetoka safari, gari limepata moto vizuri, unatafuta pa kuegesha karibu na soko la Kilombero au unaingiza gari getini kwako. Umekata usukani hadi mwisho, unaachia breki, na gari badala ya kutambaa lenyewe linang'ang'ania kana kwamba hendibreki imesahaulika juu. Ukikanyaga mafuta linakwenda kwa mikupuo, matairi yanalia juu ya lami, na ukiachia linasimama papo hapo. Ukinyoosha usukani hakuna kitu, linakwenda kama kawaida. Ukiingia kwenye moramu hali inapotea au inapungua sana.

Wenye Subaru, RAV4, X-Trail na CR-V wakifika gereji na dalili hii huambiwa haraka kwamba gia boksi imekufa. Inaweza kuwa kweli. Lakini vitu vitatu vya bei nafuu kuliko gia boksi huleta dalili ileile: matairi yasiyolingana, oili iliyochoka au isiyo yake, na waya uliokatika. Vipime hivyo kwanza, ukianza na matairi. Kufungua chuma kuwe hatua ya mwisho.

Kwa nini gari linakaza

Kwenye kona kila gurudumu lina njia yake. Magurudumu ya mbele huchora duara kubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo lazima yazunguke zaidi. Gari la kuvuta mbele tu halina shida na jambo hilo, maana ya nyuma yanafuata tu. Kwenye fowili, mbele na nyuma vimeunganishwa kwa propela (shafti ndefu ya chini ya gari), na lazima katikati pawe na kitu kinachoruhusu tofauti hiyo ya mizunguko: difu ya katikati, kapulingi ya viskasi, au klachi ya sahani nyingi inayoendeshwa kwa oili au kwa umeme.

Kitu hicho kikiganda, tofauti ya mizunguko inakosa pa kwenda. Njia pekee iliyobaki ni tairi kuteleza. Kwenye moramu linateleza kirahisi na hata husikii. Kwenye lami kavu linashika, kwa hiyo propela na dravshafti (shafti za magurudumu) zinajisokota hadi tairi likubali kuruka, kisha zinaanza kujisokota upya. Hizo ndizo kelele na mikupuo unayoisikia.

Kabla ya yote, hakikisha gari lako halifanyi kazi yake tu. Land Cruiser za 70, Hilux na Jimny nyingi hazina difu ya katikati kabisa. Ukiweka 4H (fowili) kwenye lami zitakaza, na zitakaza hata zikitoka kiwandani leo. Anayeteremka Kibosho au Uru kwenye tope la Aprili akasahau kurudisha 2H (kuvuta nyuma tu) atakutana na hali hii akifika tu kipilefti cha Mnara wa Saa pale Moshi. Dawa yake: tafuta sehemu iliyonyooka, rudi nyuma mita chache bila kukata usukani ili mtambo ujisokotoe, kisha vuta wenzo kwenda 2H. Prado za fowili ya muda wote zina difu ya katikati, ila zina sehemu ya kuifunga, na ikifungwa taa yake inawaka kwenye dashibodi. RAV4 za kuanzia 2005 na X-Trail zina swichi ya LOCK. Hakikisha haijabonyezwa. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini gari la familia moja huendeshwa na watu wengi.

Jaribio la duara

Endesha kilomita 10 hadi 15 kwanza. Gari likiwa baridi ugonjwa huu hujificha, hasa kwenye Subaru za otomatiki. Kisha tafuta sehemu pana, tambarare na kavu, ya lami au zege, isiyo na watu wala magari.

Kata usukani kushoto hadi mwisho, halafu urudishe kidogo, upana wa vidole viwili, ili pampu ya usukani isilie ikakuchanganya. Weka D, achia breki taratibu, usikanyage mafuta. Gari zima litatambaa duara lote bila kusita. Linalokaza litasogea kidogo na kusimama, au litakwenda kwa kujivuta. Likiwa bado linasogea, weka N. Zima litaendelea kubingirika kidogo, linalokaza linasimama mahali hapohapo. Fanya hivyo mizunguko miwili au mitatu, kisha upande wa kulia, kisha kwa rivasi. Kwa gari la manyuali tumia gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta, halafu kanyaga klachi katikati ya duara.

Sasa rudia yote kwenye moramu au nyasi mbichi. Likikaza vilevile kama kwenye lami, unatafuta ugonjwa usio wake. Anza na breki inayoshika: shika kila rimu kwa kiganja baada ya safari fupi, linaloshika breki litakuwa la moto kuliko wenzake, na gari hilo huwa zito hata kwenye mstari ulionyooka. Siivii joint (kiungo cha dravshafti karibu na gurudumu) iliyochoka hugonga tak-tak-tak ukikata kona huku unakanyaga mafuta, na mara nyingi buti lake limepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Usukani mzito ni habari ya pampu au upepo wa tairi, kwa sababu hapo uzito unausikia mikononi, wakati kukaza kwa mtambo unakusikia kwenye kiti. Na kama mwenye gari ameweka matairi makubwa kuliko ya kiwandani, angalia plastiki ya ndani ya madigadi. Tairi likiisugua usukani ukiwa mwisho huacha alama nyeusi inayong'aa.

Matairi: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Gari la fowili ya muda wote linahitaji matairi manne yenye mzingo mmoja. Saizi iliyoandikwa ubavuni haitoshi. 215/60R16 mpya na 215/60R16 iliyobakiza kashata (meno ya tairi) kidogo ni matairi mawili ya ukubwa tofauti, na mtambo wa katikati unajua hivyo kila sekunde, hata kwenye mstari ulionyooka. Matairi ya chapa mbili tofauti yanaweza kupishana hata yote yakiwa mapya.

Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Sasa piga hesabu. Kashata ikiisha milimita 1, kipenyo kinapungua milimita 2, na mzingo unapungua milimita 6.3. Kwa maneno mengine, milimita 1 tu ya kashata tayari umefika kwenye mpaka.

Chukua hali ya kawaida kabisa ya mtaani: mbele umefunga mawili mapya yenye kashata ya milimita 8, nyuma umebakiza ya zamani yenye milimita 3. Tairi jipya la 215/60R16 lina mzingo wa karibu milimita 2,087. Lile la zamani lina kama 2,056. Kwa kila kilomita moja ya nyuma yanazunguka mara 7 na ushee zaidi ya ya mbele. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo kabla hujafika mtambo wa katikati umelazimika kumeza tofauti ya mizunguko zaidi ya 580, bila kona hata moja. Viskasi inachemka, sahani za klachi zinasuguana njia nzima, oili inaungua. Ukifanya hivyo miezi kadhaa, kukaza kunakuwa kwa kudumu hata ukija kununua matairi mapya manne.

Kupima kashata kwa rula au venia ni mwanzo mzuri: pima sehemu tatu kwa upana wa kila tairi, maana tairi lililoliwa upande mmoja linadanganya. Lakini kuna njia bora zaidi, inayohitaji chaki, sakafu iliyonyooka ya mita 25 na watu wawili wa kusukuma.

Kwanza jaza upepo matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usitumie kipimo cha kijana wa upepo cha "thelathini na tano zote". Nyoosha usukani. Piga mstari wa chaki kwenye ubavu wa kila tairi, mahali linapogusa ardhi kabisa, kwa hiyo mistari yote minne inaangalia chini. Weka N, mmoja abaki ndani karibu na breki, wengine wasukume polepole na kwa kunyooka. Hesabu mizunguko 10 ya tairi la mbele kushoto na usimamishe mstari wake unapogusa ardhi. Sasa angalia mstari wa nyuma kushoto. Ukiwa chini kabisa, yanalingana. Ukiwa umepita au haujafika, tofauti unayoiona ni mara 10 ya tofauti halisi: milimita 60, upana wa vidole vitatu hivi, ndiyo mpaka. Matairi ya mfano wetu hapo juu yangepishana zaidi ya sentimita 30, huhitaji hata rula. Linganisha mbele na nyuma za upande uleule, kisha rudia upande wa kulia. Usilinganishe kushoto na kulia kwa njia hii, kwa sababu gari likipinda kidogo tu majibu yanaharibika.

Ukikuta tofauti, usiendelee na vipimo vingine. Pata matairi manne yanayolingana, hata ya kuazima kwenye gari la ndugu kwa nusu siku, na urudie jaribio la duara. Kukaza kukiisha, umeokoa gia boksi.

Kuhusu matairi ya mtumba, ambayo ndiyo wengi wetu tunanunua: hayana ubaya kwa sababu ni mtumba. Ubaya ni kuchagua mawili mawili. Nenda na rula, tafuta manne ya chapa moja na jina moja ubavuni, pima kila moja, na kataa lolote linalopishana zaidi ya milimita 1. Ukipasua moja kwenye mawe ya barabara za vumbi, tafuta mwenzake wa kina kile kile. Kununua moja jipya ni kosa la gharama kubwa kwenye gari la aina hii. Na zungusha matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, kwa sababu ya mbele huisha haraka.

Subaru ya otomatiki

Kwenye otomatiki za gia nne, ambazo ndizo zilizojaa barabarani kwetu kwenye Forester, Impreza na Legacy za zamani, nyuma ya gia boksi kuna klachi ya sahani nyingi. Shinikizo la oili linaibana, na solenoidi (vali ndogo inayoendeshwa kwa umeme) inapunguza shinikizo hilo. Kumbuka mwelekeo wake: umeme ukifika kwenye solenoidi, klachi inaachia. Umeme usipofika, klachi inabana kabisa. Kwa hiyo waya uliokatika au plagi yenye kutu haikuondolei fowili, inakufungia fowili.

Kwenye nyingi za mitambo hiyo, ndani ya boneti kuna kikasha kidogo cha fyuzi chenye maandishi FWD (kuvuta mbele tu), kikiwa kitupu. Zima injini, weka fyuzi ya kawaida ya ampia 15 humo, washa. Taa ya FWD inapaswa kuwaka kwenye dashibodi. Rudia jaribio la duara. Taa ikiwaka na kukaza kukaisha, solenoidi inafanya kazi na sahani zinaweza kuachia. Shida iko kwenye matairi, oili, au taarifa zinazoingia kwenye kompyuta ya gia boksi, kwa mfano sensa ya kasi ya mbele au ya nyuma. Taa ikiwaka na gari likaendelea kukaza, solenoidi imekwama au sahani zenyewe zimeng'ang'ania. Taa isipowaka kabisa, fuatilia nyaya za kikasha hicho kwanza. Matoleo ya turbo yenye difu ya katikati ya umeme na mitambo ya miaka ya baadaye hayana kikasha hiki, usikitafute hadi ukavunja vitu.

Angalia pia taa ya AT OIL TEMP unapowasha injini. Ikipepesa mara 16 kisha ikazimika, kompyuta ya gia boksi imehifadhi hitilafu. Ipeleke ikasomwe kwa mashine. Kama kodi inataja solenoidi ya transfa (ndiyo hiyo ya klachi ya nyuma), pima solenoidi kwa mita kupitia plagi ya gia boksi na ulinganishe na kitabu cha modeli yako. Mita ikionyesha waya umekatika, au sifuri, huna haja ya kuendelea kubahatisha.

Ili kutenganisha solenoidi na sahani, tumia jeki. Zima injini, kaba magurudumu kwa gogo, vuta hendibreki, weka N, inua gurudumu moja la mbele na uweke stendi. Klachi hii inabanwa na pampu inayoendeshwa na injini, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa hakuna kinachoibana. Gurudumu lililo juu linapaswa kuzunguka kwa mkono bila ugumu mkubwa. Likigoma, sahani zimeshikamana au zimechimba mifereji kwenye kikapu chake (nyumba inayobeba sahani) na zinashindwa kurudi. Likizunguka vizuri, ila gari linakaza injini ikiwaka, mtuhumiwa ni solenoidi au vali yake.

Usiwashe injini na kuingiza gia wakati gurudumu moja au mawili tu yako juu. Hili ni gari la fowili, yaliyobaki chini yatalirusha kutoka kwenye jeki.

Kama vipimo vinaelekeza kwenye oili, au ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ni nyeusi na inanuka kuungua, ibadilishe kabla ya kununua spea. Ukimwaga kwa bolti ya chini unatoa lita 4 hadi 4.5 tu kati ya karibu 9.5, nyingine inabaki ndani ya toku konveta na mabomba. Kwa hiyo kumwaga mara moja hakutoshi. Mwaga oili ikiwa ya moto, ipime kwenye chupa za lita, rudisha kiasi kilekile cha ATF ya daraja linalotakiwa, endesha kama kwenda Usa River na kurudi, mwaga tena. Mara tatu zinakupa zaidi ya asilimia 80 ya oili mpya. Pima kwa kijiti gari likiwa sehemu tambarare, injini inawaka, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P, oili ikiwa ya moto ya kazi, nyuzi 70 hadi 80. Kukaza kwa sahani zilizochafuka huweza kuanza kupungua kwenye umwagaji wa pili. Sahani zilizochimba kikapu hazitasaidiwa na oili yoyote.

Simama karibu na fundi anapomwaga. Chini ya Subaru ya otomatiki kuna bolti ya oili ya injini, ya ATF na ya difu ya mbele, zote jirani. Kosa lililozoeleka ni kumwaga ATF kwa kudhani ni oili ya injini, halafu kumimina lita 4 za oili mpya juu ya ile ya zamani kwenye injini. Difu ya mbele ina oili yake, karibu lita 1.2 za 75W-90 GL-5, na kijiti chake chenyewe. Ya nyuma inachukua karibu lita 0.8.

Ikibidi kubadili solenoidi au sahani, mwambie fundi wazi: "Fundi, hatushushi gia boksi nzima, tunafungua mkia tu." Propela inatoka, gia boksi inabebwa na jeki kwa chini, kiungio cha nyuma kinashuka, mkia unafunguliwa, na vyote viwili vimo humo. Agiza pamoja gasketi na oili sili ya mkia. Ukiona mifereji kwenye kingo za kikapu inayokamata ukucha ukipitisha kidole, badilisha kikapu pamoja na sahani, la sivyo utarudi kufungua.

Viskasi: Subaru za manyuali, RAV4 za zamani, Harrier na Kluger za mwanzo

Hapa hakuna solenoidi wala fyuzi. Kuna kopo lililofungwa, ndani yake sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Sahani zikipishana kasi sana, silikoni inapata moto na kukaza. Ikipikwa muda mrefu, ndiyo matairi yasiyolingana yalivyofanya, inaganda na kubaki hivyo.

Jeki ndiyo kipimo chake. Gurudumu moja la mbele juu, gia huru, hendibreki imevutwa, injini imezimwa. Weka bomba la chuma kwenye spana ya nati za gurudumu na uvute kwa nguvu ya kawaida, bila kushtua. Viskasi nzima inakubali, polepole, kwa uzito uleule mfululizo. Ukiona imekataa kabisa, imeganda. Ikizunguka kirahisi bila uzito wowote, silikoni imevuja: gari halitakaza, lakini pia halina fowili ya maana tairi moja likianza kuteleza, na utaligundua siku ya tope njia ya Machame.

Viskasi haitengenezwi. Usikubali kutobolewa kopo na kujazwa oili nyingine. Inabadilishwa, na ukinunua ya mtumba ipime kwa njia hiyohiyo kabla hujalipa: ibane kwenye jiliwa, ingiza shafti na wenzo, vuta. Muuzaji anayekataa usipime, mwachie mali yake.

RAV4 za kuanzia 2005 na X-Trail

Mwelekeo hapa ni kinyume cha Subaru. Kapulingi ya umeme iko mbele ya difu ya nyuma, na umeme ukifika inabana. Bila umeme inaachia. Basi kipimo ni rahisi: kwenye X-Trail weka swichi 2WD, kwenye RAV4 zima swichi, chomoa plagi ya kapulingi hiyo chini ya gari. Taa ya onyo itawaka, usijali. Fanya duara. Kukaza kukiisha, kapulingi ni nzima na inaamriwa kubana bila sababu: rudi kwenye matairi, kisha sensa za ABS za kila gurudumu na sensa ya usukani. Kukibaki na plagi imechomolewa, kapulingi yenyewe imeshika ndani.

CR-V: difu ya nyuma inayonguruma

CR-V za mfumo wa pampu mbili zina klachi ndani ya difu ya nyuma, na zinahitaji oili ya Honda ya pampu mbili pekee. Oili ikichoka, au mtu akimimina oili ya kawaida ya difu, gari linanguruma na kutetemeka nyuma ukikata kona kali. Dalili hii ina dawa rahisi kuliko zote kwenye mada hii. Legeza bolti ya kujazia kwanza, ya juu, kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma kufunguka ukishamwaga, gari haliendi popote. Mwaga, jaza karibu lita 1 hadi ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia, funga. Kisha zungusha gari kwenye duara kali, kushoto na kulia, dakika 10 hivi, ili oili mpya ipenye kati ya sahani. Kama iliyotoka ilikuwa nyeusi sana au ya aina nyingine, mwaga na ujaze tena baada ya siku chache.

Gia boksi au difu iliyobadilishwa

Kama kukaza kulianza siku gari lilipotoka gereji na gia boksi nyingine au difu nyingine ya nyuma, acha mengine yote na uliza rationi, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Subaru zimetoka na difu za 4.11, 4.44 na nyinginezo, na kwa nje zinafanana. Ya mbele ikiwa 4.11 na ya nyuma 4.44, mbele na nyuma zinapigana kila mita ya safari, hata kwenye mstari ulionyooka, na mtambo wa katikati utaungua ndani ya muda mfupi.

Kuhesabu ya nyuma, fungua bolti nne za propela kwenye difu, inua gurudumu moja la nyuma, jingine libaki chini limekabwa kwa gogo, achia hendibreki. Weka alama ya chaki kwenye flenji ya difu. Zungusha gurudumu lililo juu mizunguko miwili kamili na uhesabu flenji: mara nne na kipande kidogo, kama moja ya tisa ya duara, ni 4.11, mara nne na karibu nusu ni 4.44. Linganisha na kodi iliyo kwenye gia boksi uliyouziwa. Kabla ya kutoa propela, piga alama ili irudi ilivyokuwa, isije kuleta mtetemo mwingine.

Wakati unasubiri spea

Kama fyuzi ya FWD inasaidia, iache humo na uendeshe kwa adabu. Hiyo hiyo ndiyo ya kuweka ukilazimika kufunga spea tairi ndogo. Kama haisaidii, epuka kona kali kwenye lami na usilazimishe kwa mafuta, maana unachokilazimisha ni beringi na dravshafti.

Kuna mafundi watakaopendekeza propela itolewe ili gari liende kwa mbele tu. Kwenye Subaru, propela ikitoka mkia wa gia boksi unamwaga oili. Na kwenye gari lenye difu ya katikati iliyo nzima, upande usio na propela unazunguka bure na kuipika viskasi. Likiharibika njiani, libebwe juu ya gari la kubeba magurudumu yote manne. Likininginizwa mbele huku ya nyuma yakiburuzwa chini, mtambo uliokuwa unaumwa utafika mjini umeungua.

Ukishamaliza kazi yoyote kati ya hizi, rudia jaribio la duara gari likiwa na moto, kisha tena baada ya kilomita 500, na siku hiyohiyo vuta kijiti cha ATF uone rangi.